Muhanga na Sheria ya Chui

Muhanga, yule mnyama hodari wa kuchimba mashimo, alichimba nchi kame miezi mitatu akitafuta dhahabu. Siku alipoibuka na kipande kikubwa kama yai la kanga, Chui, mtawala wa nchi ile, akamzuia.

"Lete! Kila kilicho chini ya ardhi hii ni changu. Ndiyo sheria."

"Kilicho chini, bwana?"

"Chini!"

Muhanga akakitupa kile kipande shimoni, akalifukia shimo na kulishindilia. "Haya, chako kiko chini. Kichimbe."

Chui akatoa meno. "Nitakuua!"

"Niue, tuone nani atakuchimbia."

Chui akaparura ardhi ngumu mpaka kucha zikamvunjika, dhahabu asiione. Muhanga alikwisha kuvuka mpaka wa nchi ile, akaanza shimo lake mwenyewe mahali sheria ya Chui isipofika.