Mkono Kando ya Kitambaa

Uliuona ujumbe wake, usinidanganye.

Kwenye kundi letu la kufuma mtandaoni, ile kona ya porojo, Bi Vifundo aliuliza: "Jamani, mlango uliofungwa kwa nje hufunguliwaje?"

"Shoga, hapa tunafuma, hatuvunji milango!" ukamjibu. Wenzio wakacheka.

Akatuma picha. Kawaida yetu ni kuweka mkono kando ya kitambaa, ukubwa uonekane. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka, na damu mbichi imelowesha uzi mweupe.

"Umefuma vizuri, dada!" mmoja akasifu.

"Namsikia mume wangu anapanda ngazi," akaandika. Kisha kimya.

Wewe ndiye uliyemtumia nyuzi mwezi jana. Anwani yake unayo wewe peke yako. Wapigie polisi. Sasa hivi!