Jibu la Bi Mwanahamisi

Siku hizo kivinjari cha mtandao hakikufunguka mpaka mwenye simu aseme toleo jipya analionaje. Wengi walinung'unika au kutukana, kisha wakapita. Bi Mwanahamisi wa Ngamiani alilelewa akijua kwamba anayeulizwa hali hujibu "njema" kwanza, hata akiwa na homa. Kila toleo aliliambia kwa upole, "Zuri, mwanangu. Halina neno."

Wenye kivinjari wakampenda. Toleo la saba likaja na sura yake: kila simu nchini ikifunguliwa, kwanza anatokea yeye, na kilemba chake cha kitenge na kipini puani. Mtaa mzima uliona fahari. Yeye mwenyewe hakwenda tena dukani bila kanga mpya.

Toleo la nane likapunguza herufi zikawa kama chawa. Majirani wakamjia barazani.

"Bibi, sisi hawatusikii," akasema Mwanaisha, fundi cherehani. "Wewe wanakusikia. Waambie hatuoni kitu!"

"Mnataka niitwe mwenye kisirani uzeeni?" Akacheka. "Haya, leteni simu. Leo nasema baya, Mungu anisamehe."

Akajiweka sawa, akakohoa kidogo. Sura yake ikatokea, inang'aa, na simu ikamuuliza maoni. Kabla hajatamka, sauti yake mwenyewe ikajibu kutoka simuni, tamu kabisa: "Zuri, mwanangu. Halina neno." Kivinjari kikafunguka.

Mwanaisha akaisogeza simu karibu na macho; herufi bado zilikuwa kama chawa.

"Lakini umetoka mzuri, bibi," akasema.

"Nimetoka mzuri," akakubali Bi Mwanahamisi, huku akijishika koo.