Gari la Baba Mkwe

Nilipotaka kutoka ndani ya ule mkweche, kitasa cha mlango kilibaki mkononi mwangu.

“Huo unafunguliwa kwa nje tu,” baba mkwe alisema kupitia kioo kilichogoma kushuka chote. “Kasoro ndogo. Kwa bei ya kutupa hivi, utapata wapi lingine?”

Mlango wa pili ulikuwa umebanwa na ukuta. Chini ya kiatu changu, kutu ilikuwa imekula sakafu hadi nikaona nyasi za uani.

Nyuma ya baba yake, mke wangu alinikazia macho, akatikisa kichwa taratibu.

“Ni gari zuri, baba,” nilisema.

“Najua ni zuri.” Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha nje, lakini hakukivuta. “Nauliza utalichukua lini.”