Ubao wa Makosa

Kila kosa la mchezo wa bao wa simu aliouunda, Shekue aliacha wachezaji waliandike kwa chaki ubaoni, mlangoni pa ofisi yake, wapita njia wasome. Leo Mbwego, bingwa wa mtaa, aliandika: ALIYETENGENEZA HAJUI BAO.

"Futa tusi hilo," mfanyakazi mwenza wa Shekue alimnong'oneza.

"Mchezo wako umevunja nyumba yangu bila kuniuliza," Mbwego alifoka. "Nyumba huvunjwa na mwenyewe akipenda."

Shekue akaujaribu mwenyewe kwenye simu. Kete za nyumba, lile shimo kuu la bao, zikatawanyika bila ruhusa yake. Akaandika chini ya tusi: NI KWELI. SHEKUE.

Mbwego hakutabasamu. Alimpokonya chaki, akaivunja vipande viwili, akamrudishia kimoja.

"Shika," alisema akiugeukia ubao. "Bado yapo makosa mengi."