Fundi Dumuzi Aenda Ukweni

Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, alikuwa amelala kifudifudi mezani akichapwa kwa mnyororo wa baiskeli. Alipochubuka vya kutosha, fundi alimgeuza, akamvunja kidole kimoja cha mguu kwa koleo, kisha akamtoboa vijitundu mgongoni kwa keekee nyembamba. Dumuzi wa kweli, wale wadudu watoboao mbao, wangehitaji nusu ya maisha ya mtu kuimaliza kazi hiyo. Yeye aliimaliza kabla chai haijapoa, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Dumuzi. Chai yenyewe hakuinywa. Alimwogesha nayo mtakatifu, apate rangi ya uzee.

Msimdhanie mwongo. Kila sanamu iliyotoka kwenye karakana yake ilibandikwa chini karatasi iliyoandikwa "nakala", kwa uji wa ngano ambao haukuwahi kufika mjini ukiwa umeshika. Dalali wa mjini aliwapokea watakatifu wakiwa wameshazeeka njiani kwa karne tatu, na mahujaji waliwabeba kwenda kwao kama ukumbusho wa safari takatifu. Kila mtu aliridhika. Fundi mwenyewe alijigamba kwamba kitu bandia anakitambua akiwa bado mlangoni.

Siku hiyo alifunga kazi mapema. Binti yake wa pekee alikuwa amepata mchumba, na wazazi walialikwa nyumbani kwa baba wa kijana, jaji mstaafu. Binti alimpenda kijana yule mpaka chakula kikawa hakipiti, na mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani wote, hata wale wasiosalimiana nao. Kabla hawajatoka alimkagua mumewe, akamfuta vumbi la mbao masikioni, akampa sharti moja tu: kuhusu kazi yake, afunge mdomo. Wakwe walikuwa wameambiwa kwamba anashughulika na mambo ya kale.

Jaji aliwapokea kwa suti nyeusi na sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mkewe aliketi ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Fundi alipoulizia choo, jaji alimfungulia mlango, wakakuta mifagio. Akafungua wa pili, wakakuta jokofu.

"Nyumba kubwa hii, mkwe," jaji alisema. "Mtu unapotea kwako mwenyewe."

Fundi alicheka kwa adabu. Wakubwa nao wana matatizo yao. Isitoshe, akili yake haikuwa kwenye milango.

Ilikuwa kwenye rafu za kioo pale sebuleni. Watakatifu walipangwa kutoka dirisha hadi dirisha, na hakuwepo hata mmoja ambaye yeye hakumchapa kwa mkono wake. Alimjua Antoni, aliyepinda pua kwa sababu simu iliita patasi ikiwa kazini. Alimjua Fransisko, ambaye ndege wake alisahauliwa kuchongwa, kisha dalali akasema ameliwa na wakati. Jaji alipita mbele yao mikono nyuma, akisema ni urithi wa mababu. Mke wa fundi akauliza ni wa zamani kiasi gani.

"Zamani sana," jaji alijibu, akamtazama kijana.

"Karne ya kumi na saba, baba," kijana akanong'ona.

"Ya kumi na saba," jaji alithibitisha.

Fundi alimwonea huruma. Mtu amehukumu wezi maisha yake yote, halafu kaibiwa sebuleni kwake.

Mazungumzo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Kila walichokiomba upande wa binti, jaji alikikubali kabla hakijamalizwa kutamkwa, na mkewe akaitikia kwa kichwa. Kisha jaji, aliyeonekana kunogewa, alisimama, akamnyanyua Mtakatifu Yosefu, mkubwa kuliko wote, akatangaza kwamba hiyo ndiyo zawadi yake kwa maharusi. Wamuuze ng'ambo, wajenge nyumba. Kijana alipaliwa na soda. Binti alilia kwa furaha, na mama yake naye, kwa sauti kubwa zaidi.

Yosefu yule, fundi mwenyewe ndiye aliyemfukiza moshi wa majani mabichi nyuma ya choo chake. Mtaalamu yeyote mwenye macho angemgundua, na watakaosimama kizimbani wasingekuwa dalali wala jaji. Aliogopa, na aliona aibu iliyomchoma kweli. Lakini huyu alikuwa mtoto wake. Alimwomba mkwe watoke kidogo barazani.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema. "Uliibiwa. Huyo Yosefu nimemchonga mimi, pamoja na wenzake wote mle ndani. Wakijaribu kumuuza, watoto wetu watafungwa. Kama hutaki tena undugu na sisi, niambie mimi. Binti hana kosa."

Ndani, mke wa fundi alikuwa ameshaanza vigelegele.

Jaji alilegeza tai, akaketi kwenye ngazi, akapumua. Alipozungumza, ile sauti nzito haikuwepo tena.

"Wewe ni mwungwana, ndugu yangu, kwa hiyo na mimi sitakuficha," alisema. "Sanamu zimekuja na nyumba, nyumba imekodiwa mpaka saa kumi, na mimi na yule mama tumekodiwa pamoja nayo. Huyo kijana wenu, hata jina lake mpaka sasa nalisoma hapa kiganjani."