Alamu Isiyolia

Asmaa aliitua alamu juu ya kaunta hata kopo la misumari likatikisika.

"Chukua mwenyewe, Kaka Luqman. Imekufa."

Luqman alitega sikio kwa kiganja. Jenereta ilikuwa ikinguruma na maneno hayakumfikia. Asmaa akarudia kwa sauti ya juu zaidi.

"Leo umewahi," Luqman alisema.

"Nimeomba ruhusa."

Siku nyingine Asmaa hutoka Bombolulu, anakoshona mapazia, akafika hapa Junda magharibi inaingia, kumchukua mwanawe Sabah kwa Mwanarehema, mke wa Luqman. Mwanarehema huwalea watoto wa mtaa, wale ambao mama zao wako kazini, katika chumba cha nyuma ya duka, kinachoingiliwa koridoni.

Luqman alikigeuzageuza kile kifaa cheupe. Duka lake liliuza vitu vya ujenzi na vya kujikinga: kofia za mafundi, glavu, miwani ya kuchomelea, alamu za kila namna. Asmaa alikuwa amevipitia karibu vyote. Alianza na barakoa. Luqman alimweleza polepole kwamba ile ni ya vumbi la saruji, haizuii hewa ya sumu, lakini Asmaa aliinunua vilevile, ndogo kuliko zote, na mtoto akaivua na kuitupa. Kisha akanunua alamu ya gesi ya mtungi, na nyumbani kwake hakuna mtungi. Mwishowe Luqman ndiye aliyemchagulia hii, inayotambua ile hewa ya mkaa isiyoonekana wala kunuka.

Yote hayo kwa ajili ya Sabah, ambaye hata miaka mitatu hajatimiza. Tangu transfoma ya mtaa ilipolipuka, Asmaa alikuwa ameliweka kando jiko la umeme na kurudia mkaa, na tangu hapo mtoto hakuwa mtoto tena. Kila jioni alitapika, akashika kichwa, akalegea kama nguo iliyolowa. Daktari wa zahanati aliuliza swali moja tu: mnapikia nini? Alipojibiwa, alisema mtoto anavuta hewa mbaya, na akiendelea hivyo, ipo siku atalala asiamke.

"Jiko nimelitoa nje," Asmaa alisema. "Napikia uani, mvua inyeshe isinyeshe. Dirisha nimeling'oa vioo. Na bado tukifika nyumbani, hata viatu sijavua, anaanza. Jana katapika chini ya hii alamu yako, na yenyewe kimya, inanitazama."

"Na wewe? Kichwa hakikuumi?"

"Mimi mzima. Heri ningeumwa mimi."

Luqman alibonyeza kitufe. Alamu ikatoa mlio mfupi, mnyonge.

"Kitufe hata mimi nakibonyeza. Nataka ilie yenyewe." Asmaa alikamata ukingo wa kaunta. "Mama mkwe keshasema namuua mtoto kwa ukaidi wangu. Wallahi, Kaka Luqman, sijui tena nizime nini. Usiku nakaa namshika kifua, nihesabu pumzi zake. Nikisinzia, nashtuka, naona nimemwacha."

Luqman alipiga mwayo, akasugua kipaji cha uso.

"Niwie radhi. Makelele haya yananiumiza kichwa, siku hizi chakula changu ni vidonge. Lakini nitafanyaje? Mashine ya kuchonga funguo haiendi bila umeme. Na majirani nao walivyolalama, nimeiingiza jenereta koridoni, na leo nikafunga na mlango wa nje. Wao angalau wapumzike."

"Watu wa Junda huwawezi," Asmaa alisema, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ukiwapa kivuli, watataka na mto."

Luqman alicheka. Akafungua mfuniko wa alamu, akatoa betri, akazipima kwa kuzigonga ukuchani kama watu wafanyavyo, kana kwamba betri husema. Akaweka mpya. Kidirisha kikawaka na kuandika sifuri.

"Ngoja nikuletee na nyingine, tuzilinganishe."

Alamu mpya zilikuwa mwisho wa duka, rafu ya karibu na mlango wa koridoni. Luqman alikwenda na ile ya Asmaa mkononi. Hakuwa ameifikia rafu, ikaanza kulia. Ililia kwa ukali wa kutoboa masikio, ikapumzika kidogo, ikalia tena.

Asmaa alishika kifua kwa mikono miwili.

"Umeisikia?" Luqman aligeuka, uso umemchangamka. "Betri tu, Mama Sabah. Umeteseka bure kwa ajili ya betri."

Akafungua boksi lililochorwa jiko na jenereta, akaiwasha na ile mpya. Nayo haikukawia, ikapokea. Luqman aliegemea mlango wa koridoni, alamu moja kila mkono, akaziinua ili Asmaa aone.

"Tazama nambari zinavyopanda. Nzima zote mbili."

Asmaa aliegemea kaunta. Hatimaye kitu kingemsaidia kumlinda Sabah. Leo ataitundika ile alamu juu ya kitanda cha mwanawe, na hiyo sumu, popote ilipojificha, itatajwa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Hebu niitie mwanangu, tuondoke."

"Mwanarehema!" Luqman aliita, akigonga mlango kwa kiwiko, huku alamu zikipiga mayowe mikononi mwake. "Mwanarehema, mlete Sabah, mamake kamfuata. Na hao wengine wabembeleze, najua tumewaamsha wote."

Alisubiri abee ya mkewe. Nyuma ya mlango hakuitika mtu, wala hapakuwa na mtoto aliyelia.