Ukuta wa Chumba cha Mama

Nuru aliugonga ukuta wa nje kwa mchi wa kutwangia majani ya sombe, na bamba zima la simenti mpya likaanguka. Ndani, matofali aliyoyachoma marehemu baba yalikuwa yamelowa. Alipoyagusa, yakamomonyoka kama unga wa muhogo uliolowa.

"Yaya, unaharibu kazi yangu!" mdogo wake Yassine alifoka. "Kesho tuko na wageni wa harusi!"

"Uliona ukuta wa mama unaoza, ukaupaka poda kama bibi-harusi?"

"Iko nguvu. Haiwezi kuanguka."

Nuru aliingia ndani, akamshika mama yao mkono, akamhamishia chumba cha Yassine. Kisha akarudi na mkeka wa Yassine, akautandika chini ya ukuta ule.

"Basi, kama iko nguvu, leo utalala hapa weye."